Datsun 240Z na kazi zilizolipuliwa: yanayosemwa na yalivyo

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari wakiwa na Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Ndiyo maana huku kwetu ukilitaja gari hili, wazee husimama wakasikiliza. Lakini sifa hizo zimezaa maneno mengi yasiyo kweli, na anayeumia ni yule anayenunua 240Z iliyokwisha pita mikononi mwa watu wanne watano, kila mmoja akiacha kiraka chake. Mimi nimelala chini ya moja kwa miezi mingi, nikifumua kazi ya mwenye gari aliyenitangulia.

“Gari lililoshinda Safari haliozi.”

Magari yaliyoshinda yaliandaliwa na kiwanda na kufuatwa njiani na mafundi wenye vipuri. Lile lililouzwa madukani lilikuwa gari la bei nafuu, la bati jembamba lisilo na kinga ya maana dhidi ya kutu. Mahali linapoanzia kuoza panajulikana. Chini ya betri, tindikali inapodondoka. Chini ya kioo cha mbele, ambako majani huziba njia za maji. Pembe ya bodi iliyo mbele ya tairi la nyuma. Na sakafu, kwa kuwa zulia likilowa halikauki. Gari lililolelewa karibu na bahari likaguliwe mara mbili.

“Rangi ikiwa safi, bodi ni nzima.”

Hii ndiyo imewala watu wengi zaidi. Langu lilikuwa jekundu linalong'aa. Nikachukua sumaku ndogo, nikaifunga kwa kitambaa ili isikwaruze, nikaipitisha taratibu ubavuni. Juu ilishika, karibu na tairi la nyuma ikaanguka. Nilipokwangua nikakuta puti, ule unga mzito wa kuzibia bodi, nene kama kidole, na nyuma yake hakuna bati, kuna wavu wa dirishani uliolowekwa gundi. Chini ya miguu ya dereva, tundu lilifunikwa kwa kipande cha bati kilichopigwa ribiti, kisha kikapakwa lami.

Fundi aliyefanya hivyo pengine aliamini amezuia maji. Kinyume chake, aliyafungia ndani. Maji huingia katikati ya bati mbili na kukosa pa kutokea, na lami inaficha kutu hadi siku ya bisibisi kupenya. Puti ina kazi yake halali: kusawazisha mabonde madogo, ya milimita moja au mbili, juu ya bati zima lililosafishwa. Bati likishaoza, dawa ni moja: kata mpaka ufike bati linalong'aa, tengeneza kipande cha unene ule ule, chomelea, kisha piga praima ndani na nje.

Kabla hujakata, lakini, kuna neno jingine la gereji linalohitaji kusahihishwa: kwamba sakafu ni ya kukanyagia tu, nguvu iko kwenye chesisi. 240Z haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari: sakafu, kingo za chini ya milango, na zile mbavu mbili za umbo la boksi zinazopita chini ya sakafu. Mbavu hizo kwangu zilikuwa zimebanwa bapa, kwa sababu miaka yote jeki iliwekwa hapo. Kwa hiyo gari lisawazishwe vizuri kwanza, uzito wake ukae pale unapokaa siku zote, milango ikiwa imefungwa mahali pake. Pima nafasi kati ya mlango na bodi, andika. Chomelea fito za muda kukatiza uwazi wa mlango, kisha kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Ukikata pande zote gari likiwa limeinuliwa katikati, litajikunja, na mlango hautafunga tena hata ukiubembeleza.

“Umeme wa Datsun za zamani ulikuwa mbovu tangu kiwandani.”

Haukuwa mbovu, ulikuwa na udhaifu unaoeleweka. Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi iliyo kwenye usukani, bila rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa niaba ya ile ndogo. Miunganisho ya boksi la fyuzi ikishika uchafu, hupata joto, na plastiki huyeyuka. Mwenye gari anaona fyuzi imekatika, anaweka kubwa zaidi, au anaizungushia karatasi ya pakiti ya sigara. Hapo waya wenyewe ndio unaogeuka fyuzi, na gari linaweza kuungua lote.

Usikimbilie kung'oa nyaya zote. Washa taa, weka mita kati ya ncha chanya ya betri na mguu chanya wa balbu. Volti utakazosoma ndizo zinazopotea njiani. Safisha viungo na sehemu zinazogusa bodi, pima tena. Halafu funga rilei, ili taa zichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yao, na swichi ibaki na kazi ndogo ya kuiamuru rilei.

Kuhusu kabureta, nitasema kwa ufupi, maana hapa watu hutupa fedha bure. Injini ya L24 ina silinda 6 na cc 2393, na kabureta zake mbili za Hitachi, zinazofanana na zile za SU za Uingereza, hazina ugomvi na mtu. Wanaozilaumu wameanzia mwisho. Anza na nafasi za vali injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutoa. Fuata taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Tafuta hewa inayoingia kinyemela kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Ndipo usawazishe kabureta. Mtangulizi wangu alizungusha skrubu zake mpaka mwisho, na kosa lilikuwa gasketi iliyopasuka.

“Gari la zamani kunuka moshi ndani ni kawaida.”

Tafadhali usilikubali hili. Gari likienda, hewa huzunguka nyuma yake na kuvuta moshi uingie ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa, gasketi za taa za nyuma, au tundu la waya lililoachwa wazi. Moshi huo una kaboni monoksaidi, nayo yenyewe haina harufu. Badilisha mipira yote, ziba kila tundu, kisha kagua bomba la moshi lenyewe.

Breki nazo: mafuta ya silikoni, yaani DOT 5, hayachanganywi na mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 wala DOT 4. Kama hujui aliyekutangulia alitia nini, mwaga yote, safisha mfumo, badilisha mipira.

Na hatimaye wapo wanaosema kila alichogusa mwenye gari aliyetangulia king'olewe. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini langu lilikuwa limefungwa distribyuta (kigawa cheche) ya elektroniki ya Datsun 280ZX badala ya ile ya zamani ya pointi, na hiyo ni kazi njema, nimeiacha. Kulikuwa pia na waya mnene, mbaya wa kutazama, kutoka kwenye injini hadi bodini. Nikaukata kwa hasira. Asubuhi yake stata ikazunguka kama mgonjwa. Nilipofuatilia, nikakuta waya wa awali wa kuunganisha injini na bodi umeoza ndani ya ganda lake, na mtangulizi wangu aliligundua hilo kabla yangu. Nikafunga mpya, na ule wake nikaurudisha pia.