Mipira ya matone peke yake si haidroponiki

Siku hizi Mbeya na Iringa, mtu akishafunga mipira ya matone kwenye kitalu nyumba anakwambia ana haidroponiki. Baadhi ya wauza pembejeo nao wamelidaka jina hilo, na bei inapanda nalo. Ukichungulia ndani, nyanya zimesimama kwenye matuta ya udongo na samadi yake. Huo ni umwagiliaji wa matone. Ni kitu kizuri kabisa, ila si haidroponiki.

Haidroponiki ni kilimo ambacho mizizi haiutegemei udongo. Chakula chote cha mmea unakiyeyusha wewe kwenye maji. Basi. Namna ya kuyafikisha maji hayo mizizini ni suala jingine. Unaweza kuiacha mizizi ining'inie ndani ya maji yanayopulizwa hewa. Unaweza kuyapitisha kama utando mwembamba kwenye mabomba yaliyoinama kidogo, njia aliyoiendeleza Allen Cooper kule Uingereza miaka ya 1960. Nzuri, ila umeme ukikatika mchana wa jua pampu inasimama, na mizizi haina akiba ya maji ya kujishikiza. Wazalishaji wa mbegu za viazi mviringo wengine huipulizia ukungu mizizi iliyo hewani. Na unaweza kudondosha matone. Ndiyo, kwa mpira ule ule. Kinachobadilika ni kilichoko chini ya mpira na kilichomo ndani yake.

Chini yake, udongo una akiba. Ukisahau kumwagilia leo, kesho mmea bado upo. Lakini jaza ndoo kwa yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe, akiba inakuwa ndogo mno. Itabidi udondoshe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na sehemu ya maji, tuseme moja ya tano, ivuje chini ya ndoo ili chumvi isijikusanye. Mkulima aliyezoea matuta akiona maji yanavuja huona hasara, anapunguza. Baada ya muda ncha za majani zinaanza kuungua, analaumu mbegu.

Ndani ya mpira ndiko kunakonikera zaidi. Mtu anakoroga mbolea za Urea na CAN kwenye tangi, anasema analisha. Urea huwa na maana udongoni kwa sababu bakteria huigeuza kuwa amonia, kisha naitreti. Kwenye maji na mawe masafi bakteria hao ni wachache, kwa hiyo mmea unaambulia kidogo tu. CAN nayo ina chokaa isiyoyeyuka. Inatuama na kuziba vitundu vya matone. Wanaofanya haidroponiki yenyewe hutumia matangi mawili: kalsiamu naitreti huku, fosfeti na salfeti kule, na havikutani mpaka vimezimuliwa kwa maji mengi. Vikichanganywa vikiwa vizito, maji hugeuka meupe na chenga hutuama chini ya tangi. Chenga hizo ndizo mbolea uliyoilipia, na mmea hauwezi kuzinywa.

Kuna na wale wa majani ya shayiri ya kulishia kuku na ng'ombe, yanayooteshwa kwenye trei kwa wiki moja hivi. Pale mara nyingi ni maji matupu, mche unakula akiba ya punje yake. Hao siwagombezi, angalau udongo haumo.

Kwa hiyo fundi akikuletea bei ya mfumo wa haidroponiki, muulize: tangi likikaa wiki mbili na maji matupu, nyanya zitakula nini? Akikujibu kwamba udongo wa Uyole una rutuba, anakuuzia umwagiliaji wa matone. Nunua kama unakufaa, ila kwa bei ya umwagiliaji wa matone.