Kutuni kabureta ya injini ya tustroki maana yake nini hasa

Wengi wakisikia kutuni kabureta wanajua ni kuongeza nguvu, yani unashika bisibisi unazungusha mpaka mashine ilie kwa hasira. Hapana. Kutuni ni kupanga petroli kiasi gani ichanganyike na hewa ambayo injini inavuta, basi. Ila kwenye tustroki (injini inayolipua petroli kila mzunguko) jambo hili ni nyeti kuliko kwenye fostroki (inayolipua kila mizunguko miwili), maana tustroki haina oili yake huko chini, oili imechanganywa humohumo kwenye petroli, mashine nyingi za sasa ni petroli 50 kwa oili 1 na za zamani 25 kwa 1. Kwa hiyo ukibana petroli umebana na oili, pistoni inapata joto zaidi huku ulainishaji unapungua, hapo ndo silinda inakwaruzika na injini inanoki.

Mchanganyiko wenye petroli nyingi tuuite mzito, wenye hewa nyingi mwepesi. Mzito unaujua mapema, moshi mwingi, plagi nyeusi na imelowa, ukipiga resi injini inapanda kivivu. Unakera lakini hauui. Mwepesi ndo mbaya kwa sababu mwanzoni unapendeza, mashine inalia kali, inaonekana ina nguvu kweli, kumbe plagi inaenda kuwa nyeupe na pistoni inaungua. Plagi iliyo sawa inakuwa na rangi ya kahawia.

Sasa skrubu. Kwenye msumeno wa mnyororo au mashine ya kukatia nyasi kwa kawaida ziko tatu, L ni ya petroli wakati resi iko chini, H ni ya wakati umekamua resi yote, na ya tatu ni ya silensa, yani mwendo wa injini ukiwa hujagusa resi (imeandikwa LA, T au S), hii haigusi petroli kabisa, inasukuma tu kile kimlango cha hewa. L na H ukizifunga kulia unapunguza petroli, ukizifungua kushoto unaongeza. Pa kuanzia ni kufunga taratibu mpaka iguse, usikaze jamani, ile ncha ni sindano itaharibu pale inapokaa, halafu ufungue mzunguko mmoja hivi. Kitabu cha mashine kikisema vingine fuata kitabu.

Kabla ya hapo safisha filta ya hewa. Filta chafu inafanya mchanganyiko uwe mzito, ukituni nayo hivohivo halafu kesho ukaisafisha, hewa inaongezeka na umeshaingia kwenye mwepesi bila kujua. Na injini iwe imepata moto kwanza.

Unaanza na L, zungusha polepole huku na huku mpaka upate pale silensa inapopanda zaidi, kisha ifungue kidogo, robo mzunguko au pungufu. Piga resi ghafla, ikisita au ikizima basi bado nyepesi, ongeza kidogo. Halafu shusha silensa mpaka mnyororo usimame kabisa, maana klachi ya mashine hizi inashika yenyewe resi ikipanda, silensa ikiwa juu mnyororo unazunguka hujagusa kitu na hiyo ni hatari.

H ni ya kusikiliza. Kamua resi yote kwa sekunde chache tu bila mzigo, inatakiwa ikatekate kidogo kama fostroki, kwa sababu petroli ikizidi kidogo injini inaruka baadhi ya milipuko. Ukiingiza kwenye mti sauti inanyooka, hapo umepata. Ikilia nyembamba safi hata bila mzigo, fungua H haraka. Ila mashine zenye koili ya kuzuia resi (inakata moto wa plagi resi ikizidi) zinakatakata pia zikifika kikomo, zinadanganya sikio, hizo bora upime kwa takometa, kile kipimo cha mizunguko ya injini.

Pikipiki za tustroki ni habari nyingine kidogo. Nyingi skrubu yao ya pembeni, ikiwa upande wa filta, inapitisha hewa, kwa hiyo kuifunga ndo inakuwa mzito, kinyume kabisa na huku. Na resi ya juu haina skrubu, unabadilisha jeti, yani kile kitundu kinachopitisha petroli.

Pia ukipanda milimani hewa inakuwa hafifu, mashine iliyokuwa sawa bondeni inakuwa nzito, unaifunga kidogo. Ukirudi bondeni lazima ufungue tena, hili watu wanalisahau sana.

Ikitokea silensa inapanda na kushuka yenyewe, au ukiachia resi injini inachelewa kutulia, acha kwanza kuzungusha skrubu. Mara nyingi kuna hewa inaingia pembeni, kwenye gasketi, kwenye mpira wa kabureta au sili za krenki, na ukifungua H ili kufidia unaficha ugonjwa tu wakati tundu linazidi kukua.