Hariri ya pili ni ya kuuza

Wanaoniomba niwatazamie gemu zao za Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga taifa na kushindana na mengine kwa zamu, karibu wote huanza kwa kunionyesha jeshi. Mimi huuliza kwanza kuhusu bidhaa. Nikikuta mtu ana hariri mbili, chai tatu na dhahabu 12 mfukoni, basi ugonjwa nimeshaujua.

Bidhaa moja ya anasa huridhisha miji minne (Waazteki peke yao huifikisha sita). Ya pili ya aina hiyohiyo haikuongezei chochote. Kwa jirani asiyekuwa nayo, hata hivyo, hiyo hiyo ya pili ndiyo ya kwanza, na atailipia. Iuze zamu ileile unayoipata.

Mkataba wa biashara hudumu zamu 30 kwa kasi ya kawaida ya gemu. Weka hariri upande wako wa meza, kisha muulize Gilgamesh, mmoja wa viongozi wanaoendeshwa na kompyuta, atatoa nini. Tuseme ametaja dhahabu tano kila zamu. Usikubali haraka. Futa hizo tano, andika 110 za mkupuo. Akikataa, 100. Akikataa tena, 95, hadi akubali. Utaniambia tano mara 30 ni 150, kwa nini nichukue pungufu? Kwa sababu vita ikizuka mkataba unakufa na malipo ya kila zamu yanakatika papo hapo, lakini ya mkupuo umeshayala. Tena dhahabu 95 za zamu ya 40 zina kazi kubwa kuliko 150 zinazodondoka tano tano hadi zamu ya 70, maana zinakusogeza leo karibu na kumnunua mtu wa kujenga mashamba. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, geuza kibao: lipa kidogo kidogo.

Bei yenyewe hufuata moyo wa mnunuzi. Asiyekupenda hukupunja bila haya. Ndiyo maana zamu ninayokutana na kiongozi, ndiyo zamu ninayomtumia ujumbe wa kidiplomasia, unaogharimu dhahabu 25. Mkono mtupu haulambwi, na ukichelewa zamu chache anaweza kuwa amekwisha kukuchukia na kuukataa.

Kila kiongozi pia ana lake. Gilgamesh hupenda watu wa kushikamana naye. Mwombe urafiki mapema, kwa kuwa marafiki waliotangazana hawawezi kupigana vita hadi zamu 30 ziishe. Montezuma, kiongozi wa Waazteki, ni mkusanyaji wa anasa: hukununia ukiwa na bidhaa ambayo yeye hana. Watu humwona mkorofi. Mimi namwona mteja. Dawa yangu kwake ni kumuuzia kilekile anachokinunia.

Kitu ninachouza kwa woga ni chuma. Tangu nyongeza ya Gathering Storm ya mwaka 2019, chuma huwekwa akiba kwa idadi, na askari mmoja wa upanga hula 20. Niliwahi kumuuzia jirani mmoja 40, kwa bei nzuri kabisa, nikajipongeza. Haukupita muda, askari wawili wa upanga wakawa chini ya ukuta wangu, na mimi nina wapiga mishale tu. Hesabu ilitimia barabara. Siku hizi chuma nampa aliye ng'ambo ya bahari, au rafiki aliyetangazwa.

Nyongeza hiyo ilileta pia mtaji wa kidiplomasia unaotumika kupiga kura kwenye Kongamano la Dunia. Viongozi wa kompyuta huununua kwa pesa nyingi ajabu. Kama unawania ushindi wa kidiplomasia, ule wa pointi 20, usiuguse. Kama lengo lako ni sayansi au vita, uza.

Jambo la mwisho ni dogo lakini hupoteza pesa nyingi: mkataba ukiisha, ni rahisi kupitwa na taarifa yake katikati ya vita na ujenzi. Nina karatasi kando ya kibodi. Nikiuza hariri zamu ya 41, naandika "hariri, 71", na zamu ya 71 narudi kwa Gilgamesh kabla sijasogeza askari hata mmoja.