Mkapa wa chumba cha habari: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Rais Benjamin Mkapa alianza kama mwandishi wa habari, siasa ikamfuata huko."

Kinyume chake. Kijana huyo wa Lupaso, Masasi, alitoka Makerere mwaka 1962 na shahada ya Kiingereza, akapangiwa uofisa tawala Dodoma, kisha akahamia Mambo ya Nje. Gazetini aliingia mwaka 1966, hajatimiza miaka 30, moja kwa moja kwenye kiti cha mhariri mtendaji wa Uhuru na The Nationalist.

"Hayo yalikuwa magazeti ya serikali."

Yalikuwa ya TANU, chama tawala. Gazeti la serikali lilikuja Februari 1970, Nyerere alipoitaifisha The Standard kutoka mikononi mwa Lonrho, kampuni ya Uingereza.

"Basi Mkapa ndiye aliyekabidhiwa The Standard."

Hapa wengi huruka watu wawili. Wa kwanza ni Frene Ginwala, mwanaharakati wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Aling'olewa mwaka 1971 baada ya tahariri kali dhidi ya Nimeiri, mtawala wa Sudan. Wa pili ni Sammy Mdee. Mkapa alikuja Aprili 1972, The Standard na The Nationalist zilipounganishwa ikazaliwa Daily News. (Ginwala naye hakuishia hapo: mwaka 1994 alikuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini.)

"Uhariri ulikuwa kazi moja, siasa kazi nyingine."

Hii ndiyo dhana inayopotosha zaidi. Mhariri Mkuu wa gazeti la serikali, kwa cheo, alikuwa Rais mwenyewe, na tahariri moja juu ya nchi jirani ya jirani ilitosha kumng'oa mhariri. Aliyedumu kwenye kiti hicho alikuwa tayari anafanya siasa, tena ya kila siku kabla mitambo haijawashwa. Ndiyo maana sishangai kasi ya yaliyofuata: 1974 mwandishi wa habari wa Rais, 1976 mkurugenzi mwanzilishi wa Shihata, na mwaka huohuo balozi Nigeria, 1977 Waziri wa Mambo ya Nje. Wanaosema mwaka 1995, alipochaguliwa Rais, aliibuka ghafla wamesahau yote haya.

"Shihata lilikuwa gazeti."

Lilikuwa shirika la habari: likikusanya habari na kuvisambazia vyombo vingine. Lilivunjwa mwanzilishi wake akiwa Ikulu.

"Rais aliyewahi kuwa mhariri lazima awe rafiki wa waandishi."

Wanaokumbuka mikutano yake na wanahabari watacheka. Swali lisiloandaliwa alilinusa kutoka mbali, na hakumficha aliyeuliza kwamba halikumridhisha. Nadhani alikuwa bado anahariri. Mwenyewe alipendelea kuzungumza na wananchi bila mtu katikati, kwa hotuba zake za kila mwisho wa mwezi, na watu walikaa karibu na redio kusubiri.