Mpunga mwitu, alama za vinasaba na hofu ya GMO

Ukiwaambia watu hapa Dar kwamba watafiti wanachunguza vinasaba vya nafaka za mwituni, swali la kwanza ni lile lile: kwa hiyo wanatuletea GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara? Hofu hiyo haikuzuka hewani. Jaribio la mahindi ya GMO kule Makutupora, Dodoma, lilianza mwaka 2016, serikali ikalisimamisha mwaka 2018, na kwa wengi neno "vinasaba" limebaki kuwa la kutilia shaka. Haya hapa madai manne ninayoyasikia, na majibu yangu.

"Kutumia alama za vinasaba ni kubadili mmea."

Hapana. Alama haiingizwi kwenye mmea, imo tangu mbegu. Ni sehemu fupi ya DNA inayotofautiana kati ya mmea mmoja na mwenzake: herufi moja imebadilika, au mfuatano mfupi umejirudia mara 8 kwenye mmea huu na mara 12 kwenye ule. Mtafiti hukata kipande cha jani, hukisaga, hutoa DNA, kisha hunakili sehemu anayoitaka kwa PCR, njia ile ile iliyotumika kupima UVIKO-19. Mmea unaendelea kukua palepale ulipo. TARI Mikocheni, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania hapa hapa jijini, kuna maabara ya bioteknolojia, na kusoma vinasaba vya mazao ni shughuli ya kawaida kwa maabara za aina hiyo.

"Alama ikionekana kwenye mimea ya ukame, basi hiyo ndiyo jeni ya ukame."

Kosa hili la kudhani kwamba alama ndiyo jeni, yaani kipande cha DNA chenye kazi yake katika mmea, huwapata hata wasomi, na ndilo linalonisumbua zaidi. Chukua mfano wa shayiri mwitu ya Mlima Carmel, Israel. Kuna bonde ambalo kuta zake mbili ziko umbali wa wastani wa mita 200 tu. Ukuta unaotazama kusini unachomwa na jua na ni mkavu, ule wa pili una unyevu na miti mingi. Shayiri inaota kote kuwili, na alama zimeonyesha kwamba vinasaba vya upande mmoja vinatofautiana na vya upande wa pili, licha ya ukaribu huo.

Inashawishi, lakini bado si ushahidi kamili. Alama nyingi hazina kazi yoyote katika mmea. Tofauti inaweza kuletwa na bahati, au na mbegu chache zilizofika mahali fulani kwanza. Kwa hiyo mbegu za pande zote hazina budi kuoteshwa pamoja, udongo mmoja, zinyimwe maji kwa kiasi kimoja. Halafu mtu ainame apime: jani limeanza kujikunja siku ya ngapi, mzizi umeshuka hadi wapi, suke lina punje ngapi zilizojaa. Alama ikifuatana na vipimo hivyo, kizazi baada ya kizazi, hapo tuna la kusema.

"Mpunga mwitu ni gugu tu."

Shambani ni gugu kweli, mkulima hajakosea. Oryza longistaminata, aina ya mpunga mwitu unaoota pia Tanzania, una vishina vinavyotambaa chini ya ardhi. Unaung'oa, unachipua tena, na punje zake hupukutika kabla hujavuna. Hata hivyo, mmea wa aina hiyo kutoka Mali ndio uliotoa Xa21, jeni ya kukinza ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga, iliyotambuliwa maabara mwaka 1995. Naumia kila bonde lenye majimaji linapofukiwa kabla mbegu za nyasi zake hazijakusanywa.

"Ukichanganya na mwitu, unaharibu zao."

Chotara wa kwanza huwa hovyo, ni kweli. Lakini huchavushwa tena na tena na zao la shambani, na kila mara alama huonyesha ni miche ipi imebaki na jeni inayotakiwa huku ikiacha mizigo mingine. Hivyo ndivyo jeni ya kuvumilia chumvi ilivyohamishwa kutoka ngano ya kale, Triticum monococcum, hadi ngano ya tambi, bila uhandisi jeni. Jeni hiyo huzuia chumvi isipande majanini. Katika majaribio ya Australia yaliyochapishwa mwaka 2012, mavuno kwenye udongo wenye chumvi yaliongezeka hadi asilimia 25, na kwenye udongo wa kawaida hayakupungua.