Kadi ya michoro haiharakishi kila hesabu ya fizikia

Wengi huamini kwamba ukihamishia uigaji wa fizikia (hesabu za jinsi vitu vinavyosogea na kugongana, mfano kwenye mchezo wa kompyuta) kwenye kadi ya michoro, yaani GPU, kasi inapanda papo hapo. Si kweli. Kadi hiyo ina viini vidogo vingi mno, na hung'ara pale vyote vinapofanya hesabu ileile kwa data tofauti, kwa wakati mmoja. Moshi, maji, chembe laki moja zinazoanguka: hapo inatamba kwelikweli.

Sasa chukua mnara wa masanduku kumi. La chini likisogea, la pili hubadilika, na la tatu husubiri jibu la la pili. Prosesa kuu humaliza kazi hiyo haraka, huku viini vingi vya kadi vikikaa bure. Ipo mbinu ya Jacobi, ambapo kila mgusano wa masanduku hutumia majibu ya mzunguko wa hesabu uliopita ili yote yakokotolewe pamoja, lakini kwa kawaida hudai mizunguko mingi zaidi kabla mnara haujatulia.

Halafu kuna safari ya data kati ya kadi na prosesa kuu. Kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 16.7, na kadi hiyohiyo bado inachora. Mchezo ukihitaji kujua sasa hivi kama mpira umegonga ukuta, kusubiri jibu lirudi kunaweza kumeza faida yote.