Je, wajua kwa nini ugali unaomnawirisha mbwa koko unaweza kumtoa magamba haski?

Jirani yangu hapa Njiro, Arusha, alileta haski. Mbwa mwenye macho ya buluu, manyoya mazito kiasi kwamba ukimpapasa vidole vinapotea. Akamlisha kama alivyowalisha mbwa wote waliowahi kulinda geti lake: ugali wa dona uliochanganywa na dagaa wale wa mifugo, jioni mara moja, ndani ya sufuria iliyokatika mkono. Miezi kadhaa ikapita. Magamba yakaanza kumtoka kuzunguka macho na pembeni mwa mdomo, ngozi ikakauka mpaka ikapasuka. Wakati huohuo mbwa wa pili wa nyumba ile, koko aliyeokotwa sokoni akiwa na mbavu za kuhesabika, alikula chakula kilekile na manyoya yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Mtaa mzima ulikuwa na jibu. Haski ni mbwa wa barafu, mbwa wa nyama; ugali na yeye wapi na wapi? Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila haukukaa pale watu walipoudhania.

Tuanze na ugali wenyewe. Tafuna tonge bila mboga, ulikawize mdomoni; baada ya muda utasikia utamu. Mate yako yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, kazi imeshaanza kabla hujameza. Mbwa hana anasa hiyo. Yeye anabwia, anameza, na wanga unakuja kushughulikiwa kwenye utumbo mdogo, kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho. Kwa hiyo swali la kama mbwa anafaa kula ugali ni swali la kongosho lake.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walilinganisha vinasaba vya mbwa 60 wa aina 14 na vya mbwa mwitu 12. (Mbwa mwitu hapa ni yule wa kijivu wa nchi za kaskazini, wa ukoo mmoja na mbwa wa nyumbani. Huyu wetu wa madoa, anayewinda Ruaha na Nyerere, ni ndugu wa mbali tu.) Jeni inayoagiza kimeng'enya hicho inaitwa AMY2B. Mbwa mwitu walikuwa na nakala 2, moja kutoka kwa kila mzazi. Mbwa wa nyumbani walikuwa na kuanzia nakala 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kunyemelea mabaki ya watu yalichagua waliopata shibe kwenye uji na mikate, na waliopata shibe ndio waliozaa.

Lakini si kila mbwa aliishi na mkulima. Saluki, mbwa wa kuwindia wa Waarabu anayeenziwa mpaka leo nchi za Ghuba, anatoka upande ule wa dunia ambako ngano na shayiri zilianza kulimwa. Mmoja aliyepimwa kwenye utafiti mwingine alikutwa na nakala 29. Dingo, aliyefika Australia na kuishi miongoni mwa watu walioendesha maisha kwa kuwinda na kukusanya, ana 2 tu kama mbwa mwitu. Na haski? Aliyepimwa kwenye utafiti uleule wa dingo na saluki alikuwa na 3 au 4. Hilo linaendana na yaliyogunduliwa baadaye: mwaka 2020 ulitangazwa uchambuzi wa vinasaba vya mbwa aliyeishi miaka 9,500 iliyopita kwenye kisiwa cha Zhokhov, kaskazini ya mbali ya Siberia, na ikaonekana kwamba mbwa wavuta sleji (gari la kuteleza juu ya theluji) wa leo ni wa ukoo wake. Ukoo huo umejengeka kwa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo.

Hapo mtaa wetu ungepiga makofi. Si tulisema?

Subirini kwanza. Idadi ya nakala hutofautiana sana hata ndani ya aina moja, kwa hiyo jina la aina peke yake halikwambii mbwa wako ana ngapi. Na nakala chache maana yake kimeng'enya kichache, si kwamba hakipo. Wanga uliopikwa ukaiva sawasawa husagika vizuri tumboni mwa mbwa wa karibu kila ukoo. Ugali mbichimbichi, ule wa kukorogwa haraka kwa sababu "ni wa mbwa tu", ndio unaoleta gesi na kuharisha, na hata koko hausameheki kwake. Vilevile, mwenye shida ya kusaga wanga ungetarajia alalamike tumbo. Haski wa jirani choo chake kilikuwa kizuri tu. Aliyekuwa akiumwa ni ngozi.

Daktari wa mifugo alipoitwa hakuangalia sufuria kwanza. Alimshika haski kidevu, akamgeuzia usoni kwenye mwanga, akayatazama yale magamba ya kuzunguka jicho.

"Daktari, ni ugali?" jirani akauliza.

"Ni dona, mama. Na dagaa kidogo. Huyu amepungukiwa zinki."

Hapa ndipo nasaba inapoonekana kwa karibu. Haski, pamoja na ndugu yake Malamute wa Alaska, ni aina ambazo baadhi ya mbwa wake huzaliwa na utumbo usiofyonza madini ya zinki vizuri. Dona ina sehemu zote za punje, pamoja na ganda na kiini, na humo mna fitati, kitu kinachoshikana na zinki na kuitoa nje na choo kabla haijafyonzwa. Dagaa nao, kwa kuwa huliwa mzima na miiba yake, wana kalsiamu nyingi, na kalsiamu ikizidi huufanya mshiko huo kuwa mgumu zaidi. Koko aliibana zinki ile iliyobaki ikamtosha. Haski, mwenye mlango mwembamba tangu kuzaliwa, akaambulia patupu. Kwa maneno mengine, chakula kilichosifiwa na wote kuwa bora kuliko sembe, na kwa binadamu ni kweli, ndicho kilichomfungia njia.

Alipewa vidonge vya zinki kwa kipimo cha uzito wake (usijaribu kukisia, zinki ikizidi ni sumu), sufuria yake ikabadilishwa, na baada ya wiki kadhaa magamba yakadondoka.

Nimeikalia hadithi hii kwa sababu biashara ya chakula cha mbwa "kulingana na asili yake" imeshika kasi mitandaoni, na mara nyingi inauza ramani: mbwa huyu babu zake walikula samaki, basi mpe samaki, yule ametoka nchi ya kondoo, mpe kondoo. Inapendeza kusikia. Ila kilichorithiwa na mbwa chenye uzito kwenye sufuria mara nyingi ni hitilafu moja ndogo, na huijui kwa kutazama ramani.

Chukua Dalmatian, yule wa madoadoa meusi. Mbwa wengine huigeuza asidi ya yuriki kuwa kitu kinachoyeyuka na kutoka na mkojo bila taabu. Dalmatian halisi wana jeni iliyoharibika inayozuia hatua hiyo, na asidi ikirundikana hugeuka mawe ya kibofu. Anayeumia zaidi ni dume, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni nyembamba. Vyakula vinavyozalisha asidi hiyo kwa wingi ni ini, figo, bandama na samaki wadogo kama dagaa. Yaani kile hasa ambacho bucha anakufungia kwenye mfuko mweusi akisema "hizi za mbwa". Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa vinasaba nchini Marekani alimpandisha Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer ili kurudisha jeni nzima, akazalisha tena na tena mpaka madoa yakarudi na mawe yakabaki historia. Vyama vya wafugaji viligombana juu ya jambo hilo kwa miongo kadhaa, eti usafi wa damu umechafuliwa. Mie namuunga mkono yule mtaalamu.

Ini hilohilo ni hatari kwa njia nyingine kwa Bedlington, mbwa mdogo wa Uingereza anayefanana na mwanakondoo: baadhi yao hushindwa kutoa madini ya shaba mwilini, na ini la ng'ombe limejaa shaba. Labrador, ambaye asili yake ni kwa wavuvi wa Newfoundland, angestahili samaki kama tungefuata ramani. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne amepungukiwa kipande cha jeni kinachomjulisha kuwa ameshiba. Huyo, shida si aina ya chakula. Shida ni macho yale anayokutolea ukiwa mezani.

Na basenji, huyu wa kwetu? Ametoka misitu ya Kongo, Waingereza wakamchukua na kumkuza kwao miaka ya 1930, na jina lake ni lile neno letu "washenzi" lililopita kwenye Kilingala. Basenji wa ng'ambo wamebeba ugonjwa wa kurithi ambao figo zinavujisha sukari na virutubisho kwenye mkojo. Mpe chakula cha msituni ukitaka, figo haitazibika. Hutibiwa kwa dawa, na hugunduliwa mapema kwa kupima mkojo.

Sasa, chakula kibichi au cha kupika nyumbani badala ya kile kikavu cha mfuko. Kizuri kipo, na mbwa wenyewe wanakipenda, lakini kukipatia ni kazi ngumu kuliko inavyosemwa. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis kilichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, mengine yakiwa yameandikwa na madaktari wa mifugo. Asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Kosa la kawaida ni nyama tupu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu mno, kwa hiyo mtoto wa mbwa anayelelewa kwa steki hunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, na miguu hupinda. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini hurekebisha hilo. Kijiko kimoja cha chai kina karibu gramu 2 za kalsiamu. Lakini ukiwa na mtoto wa boabuli au Great Dane, shika mkono wako. Watoto wa mbwa wakubwa hawawezi kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa inayokua haraka huharibika kwa kuzidishiwa kama inavyoharibika kwa kupunjwa.

Juu ya nyama mbichi nina msimamo, na nimeupata Turkana. Huko kaskazini magharibi mwa Kenya kiliwahi kurekodiwa kiwango cha juu kabisa duniani cha ugonjwa wa haidatidi kwa binadamu: vifuko vya maji vinavyokua kwenye ini au mapafu, vingine vikubwa kama kichwa cha mtoto. Chanzo ni tegu mdogo asiyefika sentimita 1, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbuzi anachinjwa, pafu linakutwa na vifuko, linatupwa, mbwa analidaka. Mayai ya tegu yanatoka na kinyesi, yanafika kwenye majani, maji na mikono ya watoto. AMREF ilianza mpango wa kupambana nao mwaka 1983, na hata leo mnyororo huo unakatwa palepale panapochinjwa. Kwa hiyo anayekushauri umpe mbwa mapafu na maini mabichi kwa sababu "ndivyo walivyokula mababu zake" amesahau kutaja walichokula pamoja nayo. Chemsha nusu saa nzima. Halafu mpe mbwa dawa ya tegu kwa ratiba ya daktari.

Unga nao uchunguzwe. Mahindi yaliyovunda, yale yaliyokataliwa jikoni yakaitwa "ya mbwa", yanaweza kuwa na sumukuvu, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Mbwa huathirika nayo upesi, ini likianza, na kupika hakuiondoi.

Sufuria ya haski siku hizi ina wali laini, nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, karoti, na unga wa maganda ya mayai uliopimwa na daktari. Koko amebaki na dona yake, sasa ikiloweshwa usiku kucha kabla ya kupikwa, jambo linalopunguza fitati. Jirani alitaka kujua kama anaweza kuwagawia mchuzi wa jana. Hapana, una vitunguu, na vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu za Dodoma je, mbili tatu? Hapana kabisa, zinaweza kuzima figo. Akafikiri kidogo, akauliza juu ya ukwaju, maana mti wa shambani kwake Babati unadondosha kila msimu na mbwa wanapita chini yake. Daktari akacheka, akasema hilo hajawahi kuulizwa, ila jibu ni lilelile. Asidi inayoshukiwa kwenye zabibu ni tartariki, na ukwaju umejaa hiyo.